Sahani ya Nne

Fundi wa maabara alikwisha kuiangalia sahani ya nne mara tano, na kila mara seli za saratani zilikuwa hai, zimejazana, zimeshiba. Hapo ndipo miguu ilipokataa kutulia. Kutoka kwenye darubini hadi kwenye friji, kutoka kwenye friji hadi dirishani, kisha anarudi tena.

"Mbona unahangaika kama kuku anayetaka kutaga?" mkuu wake akamwuliza.

Sahani zote zilitiwa dawa ileile, inayozimwagia seli sumu ya oksijeni mpaka ziungue kwa ndani. Katika sahani ya kwanza karibu zote zilikufa. Chache zilizosalia zilikuwa janja: sukari waliyozilisha hazikuichoma yote kupata nguvu, sehemu yake ziliigeuza kuwa ngao ya kuzuia sumu hiyo. Hilo walilitarajia. Sahani ya nne iliongezwa kitu kimoja tu, unga wa virutubisho vinavyouzwa madukani kwa wapenda afya. Humo seli hazikuhitaji ujanja wowote. Ngao zililetwa mpaka mlangoni.

"Hii ni sahani tu," mkuu akasema. "Mwili wa mtu ni habari nyingine. Usikimbilie kusema."

Ni kweli, lakini mkuu hakuwa na dada hospitalini aliyekuwa akitiwa dawa ya jamii hiyohiyo. Wala si yeye aliyemnunulia dada huyo vidonge vya unga uleule, akavihamishia kwenye chupa isiyo na karatasi ya jina ili wauguzi wasiulize. Fundi ndiye aliyefanya hayo, msomi wa familia! Aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto. Dripu ya dada ilikuwa saa nne, na sasa ilikuwa saa tatu na nusu.

Alitoka kwenda koridoni roho juu juu, akapiga simu.

"Dada, vile vidonge nilivyokupa usimeze tena. Mwambie daktari kabla hawajakutundikia dripu. Au mpe simu nimwambie mwenyewe."

"Kwani vina nini? Si ulisema vitanikinga?"

"Vinaweza kuikinga hata saratani yenyewe, dada. Nilikosea. Nilikosea vibaya sana."

Upande wa pili alisikia toroli la dawa likisukumwa.

"Basi usinigombeze, mdogo wangu," dada akasema taratibu. "Leo nimemeza vinne. Nilitaka ukija jioni unikute na nguvu."