Cheo Mbele ya Jina

Kwa jina lake Yeye aliyeificha shaba chini ya udongo na riziki nyuma ya pazia, ajuaye kilichomo tumboni mwa ardhi na kilichomo kifuani mwa mja, tunaanza. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, na kila aliyefuata njia ya wema. Ewe Mola, utupe ulimi wa kweli katika haya tunayoyasimulia, maana ni habari za jirani, na jirani ana haki zake.

Nyumba yenyewe ni ya watu wanne, na inafaa kila mmoja awekwe mahali pake kabla ya jambo lolote. Wa kwanza ni mzee Badibanga Gaston, aliyekuwa karani wa kampani kubwa ya migodi mjini Kolwezi kwa miaka thelathini na mmoja. Baba yake aliletwa kwa garimoshi kutoka Kasai kuja kuchimba; Gaston akazaliwa katika kambi ya wafanyakazi, akasomeshwa na mapadre, akashika kalamu badala ya sururu. Wa pili ni mkewe, mama Kabedi Angèle, auzaye sokoni unga wa muhogo utokao Sandoa. Wa tatu ni Josias, kifungua mimba, mwenye shahada ya uhandisi wa madini aliyoipata Lubumbashi. Wa nne ni Sadrack, mdogo wa Josias kwa miaka minne, aliyeacha shule akiwa na miaka kumi na sita akaingia katika mashimo ya wachimbaji wa mikono, mahali paitwapo Mashamba, na hadi leo yumo humo. Ni watu wa kanisa, wasiokosa ibada ya Jumapili na wasiomgombeza mtu mlangoni.

Sasa, Josias alikuwa na mwaka wa sita tangu ahitimu, na katika miaka hiyo sita hakupata kazi hata ya siku moja. Alizunguka kwenye malango ya kampani na bahasha yake ya kaki mpaka walinzi wakamjua kwa jina. Mahali pamoja walimtaka uzoefu wa miaka mitano. Mahali pengine walimuuliza ametumwa na nani. Na kwingi walilisoma tu jina la Badibanga, wakamuuliza kijiji cha baba yake kiko upande gani. Alizaliwa Kolwezi, na babu yake amezikwa Kolwezi, lakini jibu hilo halikuwa na nafasi kwenye fomu. Gaston aliyaona haya yote akiwa amekaa kwenye kiti chake cha mbao ukumbini, na kila jioni mwanawe aliporudi, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuyakwepa macho yake.

Ndipo ikaja habari ya orodha. Kampani moja ndogo, iliyopewa kandarasi ya kusafisha mitaro na barabara za mgodini, ilitaka vijana arobaini wa kushika koleo na ufagio. Mshahara wa mwezi, kofia ngumu, viatu, na haki ya kutibiwa. Majina yangetoka kwa mkuu wa mtaa. Josias alimwambia baba yake, "Tata, mi nitashika koleo. Afazali koleo ya juu kuliko shimo." Gaston alimjibu siku ya tatu, "Ni muzuri." Neno hilo lilimtoka kama jino linalong'olewa.

Mkuu wa mtaa, Ngoyi, mtu mnene mwenye mzaha, alikuja mwenyewe kumwomba Gaston amwandikie ile orodha, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwenye mwandiko kama wake upande ule wa mji.

"Tata Gaston, tia ule mukono yako ya bureau," alisema huku akijipepea kwa kofia. "Lakini usinifanyie mambo mingi. Jina na mwaka wa kuzaliwa, basi. Habataki kujua mutu alisoma wapi. Bale batu banaogopa diplome kuliko nyoka."

"Na Josias?"

"Josias minamupa namba ya makumi tatu na saba. Batu bataniuliza, Mukasai anaingia namna gani ku liste ya batoto ba hapa? Nitabaambia ni juu ya mukono ya baba yake." Akacheka. "Unaona, tata? Wino yako inamupatia kazi. Ile masomo yote haikumupatia."

Gaston hakucheka. Alipobaki peke yake aliweka karatasi mezani, akapiga mistari kwa rula kama alivyozoea, akaanza. Majina thelathini na sita yalishuka chini sawasawa. La thelathini na sita lilikuwa la Dodo, kijana wa nyumba ya tatu, aliyerudia darasa la sita la msingi mara mbili kisha akaachana nalo. Chini ya Dodo akaandika: Badibanga Josias, 1993.

Alilitazama. Kazini kwake, enzi zile, kuliandika jina la mhandisi bila cheo mbele yake lilikuwa kosa lenye adhabu. Mwaka wake wa pili wa kazi, mkubwa wake alimrudishia orodha nzima ya watu mia mbili, akaamuru iandikwe upya kwa sababu ya cheo kimoja kilichosahauliwa, na Gaston aliiandika upya bila uchungu, maana aliona kuwa mkubwa ana haki. Baada ya hapo hakukosea tena. Vyeo vya wana wa watu aliviandika miaka thelathini, na kila alipokiandika kimoja aliona siku moja atakiandika cha wa kwake. Sasa jina la mwanawe lilikaa pale chini ya Dodo, uchi, halina hata shuka.

Wazo likamjia kwa upole, kama mawazo mabaya yanavyopenda kuja. Akajiambia: huenda orodha hii itapita juu ya meza ya mkubwa mwenye akili, huenda ataona, atauliza, atasema mtu huyu hafai kupotezwa kwenye mtaro. Kalamu ilikuwa bado mkononi. Mbele ya jina, katika nafasi ndogo iliyobaki, akaandika kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote: Ing. Kisha akaongeza majina matatu ya mwisho, akaikunja karatasi na kumpelekea Ngoyi, ambaye aliitia mfukoni bila kuisoma, kwa jinsi alivyomwamini.

Jumatatu iliyofuata vijana waliitwa langoni mwa mgodi. Saa sita mchana Dodo alipita na kofia ngumu mpya kichwani, akasimama kwenye kizingiti alipokuwa mama Angèle anachekecha unga. Gaston alikuwa ndani, dirisha likiwa wazi.

"Mama, leo tulicheka," alisema Dodo, "lakini ilikuwa kucheka mubaya."

"Josias eko wapi?"

"Anakuja na miguu. Hakutaka kupanda ku motokari ya benye banapata kazi." Dodo, aliyezoea kumwita Josias yaya, yaani kaka, aliivua kofia, akaishika kwa mikono miwili. "Mama, ule bwana alikuwa anaita majina, mi ananiita, ninapita. Kisha anasoma: Ingénieur Badibanga Josias. Ananyamaza. Anauliza, ingénieur eko wapi? Yaya Josias anainua mukono. Anamuuliza, ingénieur, unakuja kutupima ao unakuja kufagia? Batu bote banacheka. Yaya anasema, chef, minakuja kufagia."

"Kisha?"

"Anasema hapana. Leo unafagia, kesho unaandika barua ku inspection ya kazi. Anasema balikuwa na mumoja wa vile, alibasumbua mwaka muzima. Anachukua stylo nyekundu, anakata."

Mama Angèle aliuweka ungo chini. "Nani alitia ile neno ku liste?"

"Batu banasema ni chef Ngoyi, aliongeza nyuma, tata akiisha kuandika. Alitaka kumupatia jamaa yake ile nafasi, ku siri."

Ndani, Gaston alisikia kila neno. Alimsikia mkewe akimlaani Ngoyi kwa Kiluba cha Kasai, polepole, laana moja baada ya nyingine, na kila laana ilipita dirishani ikamkuta mwenyewe alipoketi.

Josias alifika mchana ukiisha. Alinawa miguu, akala bukari yake, ule ugali wa muhogo, akaosha sahani. Halafu akasema, bila hasira, "Tata, siku ya ine minaenda ku Mashamba. Minaenda kuingia mu shimo ya Sadrack."

"Josias."

"Nilikuwa nangojea miaka sita, tata. Bale tulisoma nabo, bamoja beko na batoto batatu. Mi niko na bahasha."

Siku ya pili yake Gaston alikwenda Mashamba. Alipanda pikipiki hadi barabara ya malori, kisha akatembea juu ya vifusi, akipita vijana waliotoka kila pembe ya nchi, wengine wakisema lugha asizozijua, waliofunika mashimo yao kwa maturubai ya rangi ya machungwa. Wakubwa wa mashimo huitwa PDG, kama wakurugenzi wa kampani, na Sadrack alikuwa PDG wa watu tisa.

"PDG," alipiga kelele mmoja wao, "kuna muzee anakuja kuomba kazi. Tumupatie ile nyundo nzito?"

"Ni baba yangu, mujinga weye," alisema Sadrack, akapanda kutoka shimoni akiwa mwekundu kwa udongo hadi kwenye kope. Alimtandikia baba yake gunia. "Ikala, tata."

Gaston hakukaa. "Ndugu yako atakuja siku ya ine. Umukatalie."

"Kumukatalia namna gani?"

"Umwambie hakuna nafasi."

Sadrack alitazama chini, kwenye lile tundu lisilopita upana wa mlango. "Tata, unakumbuka ule mwaka mushahara yako ilikuwa haitoki? Ulisema yaya ataacha masomo. Mi nikasema nitaingia huku, yeye asiingie. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Kila kiloba, kila gunia ya mawe nilitoa mu hii shimo, nilikuwa nasema, hii ni ya yaya, asione hapa." Alipangusa uso, akauchafua zaidi. "Sasa unaniomba nimukatalie. Mi ndiye nilitaka kumukatalia tangu zamani."

Pale ndipo Gaston aliposema. Alimwambia juu ya karatasi, na mistari ya rula, na jina lililokaa chini ya Dodo. Hakujitetea. Sadrack alimsikiliza hadi mwisho, nyundo zikigonga mbali chini ya miguu yao.

"Neno moja," alisema Sadrack.

"Neno moja."

"Usimwambie, tata." Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo lilimuumiza Gaston zaidi. "Anawaza ni Ngoyi. Akichukia Ngoyi, ataishi. Akikuchukia weye, atabaki na nani? Nikimukatalia, ataenda ku shimo ya mutu mungine. Nitamutia juu, ku kamba ya kuvuta viloba. Lakini unamujua. Bale batu batamuuliza ile mawe inaenda upande gani, na yeye ni mutu wa mawe. Wiki mbili, atashuka yeye mwenyewe."

Alhamisi, ile siku ya nne, ilifika. Asubuhi mama Angèle alimfungia mwanawe chakula katika kitambaa, akakaza fundo mara mbili. Josias alikuwa amevaa suruali kuukuu ya baba yake. Alipofika mlangoni, Gaston alimwita.

"Minasikia, tata."

Gaston alifungua kinywa. Mkewe alikuwa pale, na mwanawe alikuwa akimtazama kwa heshima ile ile ya siku zote, na heshima ile ndiyo iliyomnyima nguvu. "Uchunge kichwa," alisema.

"Banasema PDG eko mukali," alisema Josias, akatabasamu kidogo, akaenda zake.

Ikawa siku hiyo yametangazwa matokeo ya mtihani wa taifa. Josias hajafika mwisho wa njia, likaja kundi la vijana wakiimba, nywele na nyuso zikiwa nyeupe kwa poda waliyomwagiwa na jamaa zao, kama desturi ya waliofaulu. Walimpita Josias pande zote mbili, poda ikamdondokea mabegani, naye akawapungia mkono. Nyuma yao alikuwa Tshimanga fundi seremala, akimsukuma mbele mwanawe Guelord kwa fahari.

"Tata Gaston," alisema Tshimanga, mikono yake ikiwa myeupe hadi viwikoni, "weye ndiye unajua mambo ya masomo ku hii mutaa. Mutoto anapita. Uniambie, nimupeleke kusoma nini?"

Guelord alisubiri, akitabasamu chini ya weupe ule. Gaston alimtazama huyo, kisha akamtazama Josias, aliyekuwa sasa mdogo mwisho wa njia, akingoja pikipiki ya kwenda Mashamba. Mtaa mzima ulizoea kumuuliza, naye alizoea kujibu.

"Sijui," alisema.

"Namna gani hujui?"

"Sijui, tata Tshimanga. Unisamehe." Akaingia ndani, akarudisha mlango taratibu.

Ewe Mola, mwenye funguo za kila lililofungwa, waliobaki nje ya malango ni wengi na sisi hatuna la kuwapa. Umbariki mama yule na unga wake. Umpe baba nguvu ya kusema au nguvu ya kunyamaza, ile uliyo radhi nayo. Wabariki hawa wenye poda nywelini, wasije wakaiosha kwa machozi. Na walio chini, mtu na ndugu yake, uwashikie kuta kwa mkono wako, uwarudishe juu mchana ungali mweupe. Amin.