Kuomba Mbegu kwa Bernadine

Tulishapita kituo cha mwisho cha mafuta ndipo Marlys akasema turudi, kasahau dawa zake za presha. Nikamwambia dawa zimo mkobani, nimeziona kwa macho yangu. Nyuma ya pikapu magunia matupu yalipigwa na upepo, na mablanketi tuliyoyalowesha yalichuruzika barabarani.

"Basi endesha polepole, shemeji," akasema. "Huyo mwanamke hakimbii."

Huyo mwanamke ni Bernadine, mdogo wake. Mimi nilimwoa dada yao wa kati, marehemu sasa, na tangu nilipoacha kazi za reli nikatua kwa Waojibwe, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Marekani, hao wawili ndio ndugu nilionao. Walikuwa hawasemeshani tangu matanga ya mama yao, Bernadine aliposema mbele za watu kwamba mpunga anaoukausha Marlys motoni unanuka moshi. Kule, ukimwambia mwanamke hivyo umemtukana.

Safari ililetwa na kosa. Orrin, mwana wa Marlys, anasimamia kazi ya kurudisha mpunga wa ziwani, ule unaojiotea majini, mahali ulipotoweka. Ghuba aliyokuwa akivuna bibi yake ilizamishwa na bwawa la umeme, na mpunga ule hauvumilii kina kirefu. Baada ya kubembelezwa miaka mingi, wenye bwawa wakakubali kushusha maji kiangazi kimoja tu, kilichokuwa kinafuata. Pakiota kitu, maji yatabaki chini. Pasipoota, basi tena. Orrin akavuna mbegu, akaacha magunia kwenye banda la mama yake chini ya mablanketi yenye maji, akaenda kukagua ghuba.

Marlys akaingia bandani, akatia mkono kwenye gunia moja, akakuta joto. Amekua akijua kwamba mpunga mbichi ukipata joto guniani unaoza upesi. Akauanika wote juani kwenye maturubai, akaugeuza kwa reki mpaka jioni huku akiimba. Ungekuwa wa kula, ni kazi safi. Lakini wa kupanda ukikauka umekufa. Huo hutakiwa ukae majini tangu unapodondoka hadi unapoota. Orrin aliporudi hakumgombeza. Aliketi kwenye ngazi, akavua kofia. Marlys aliniambia afadhali angepiga kelele.

Kwenye maziwa ya upande wetu upepo ulikuwa umeshapukutisha punje zote. Mpunga wa ziwa la Bernadine ndio hukawia kuiva.

Tulimkuta mlangoni anaparua samaki.

"Nani kafa?" akauliza.

"Hajafa mtu."

"Basi mmepotea njia."

Akatukaribisha hivyohivyo, akatumiminia kahawa. Marlys akaweka pakiti ya tumbaku mezani. Kwao, ukipokea tumbaku ya mtu umekubali analoomba, na huwezi tena kugeuka. Bernadine akaiangalia kama paka wa jirani aliyeingia jikoni. Mikono akaificha chini ya aproni.

"Sema kwanza."

"Pokea kwanza."

"Mama hakuzaa wajinga. Labda mmoja. Sema."

Marlys akanitazama. Mimi nikaitazama kahawa yangu.

"Nataka mbegu. Ya ghuba ya Mama."

"Si Orrin alishavuna? Habari zilifika huku."

"Nimeikausha."

"Umekausha nini?"

"Mbegu! Yote! Nimeianika, nimeigeuza, imekauka vizuri kabisa. Umeridhika?"

Bernadine alicheka mpaka akashika meza. "Dada yangu! Miaka yote umeshindwa kukausha mpunga bila kuuchoma, siku umeweza ndiyo siku hutakiwi!"

Nilidhani Marlys atainuka aondoke, nikaanza kutafuta ufunguo wa gari. Hakuinuka.

"Cheka," akasema. "Ukishamaliza, pokea tumbaku. Mtoto hajala tangu jana."

Bernadine akafuta macho kwa aproni. Akaichukua ile pakiti.

"Shemeji, toa upondo uko nyuma ya nyumba. Lakini mtumbwi naupeleka mimi. Yeye atakaa chini apige."

Wakatia tumbaku kidogo majini kabla ya kuanza, kisha wakapotea ndani ya mabua, Bernadine akisukuma kwa upondo, Marlys akiyapiga kwa vijiti ili punje zidondokee mtumbwini. Nikiwa ufukoni sikuwaona, ila niliwasikia.

"Polepole! Unapiga kama unaua nyoka!"

"Na wewe unaupeleka kama umelewa!"

Walirudi mtumbwi umejaa nusu, wote wawili na maganda kwenye nywele. Tukajaza magunia, tukayalowesha papo hapo, tukayafunika kwa mablanketi, na Marlys akasafiri huko nyuma, ameyakalia, mpaka nyumbani. Orrin akaimwaga mbegu ghubani kesho yake.

Kiangazi kilichofuata maji yalishushwa. Mabata bukini walikula sehemu kubwa ya kilichoota. Kilichobaki kilikuwa kipande kama ua wa nyumba, na wenye bwawa walipokuja kukiona wakasema ni kitu. Maji hayakupandishwa tena. Orrin sasa anafanya kazi hiyohiyo kwenye ziwa lingine, kaskazini zaidi. Bernadine na Marlys waligombana upya kwa ajili ya sufuria kubwa ya mama yao, wakapatana, na Bernadine alikufa kwa mapafu majira ya baridi. Marlys alibadilishwa nyonga, yuko kwa binti yake mjini Duluth. Mimi niliondoka kwenda kusini. Ghuba inavunwa.