Mwezi wa Kisahani

Vilima viwili vyenye matuta, na pembeni mwezi mpevu ukichungulia: hivyo ndivyo fundi alivyoiona picha ile kuukuu, nyeusi na nyeupe, akaitia fremu kwa ulalo. Alikwisha kuibandika karatasi ya gundi mgongoni mwa fremu, ndipo shangazi yake, mwenye duka, alipovaa miwani.

"Hivi vilima umeviona wapi, wewe?"

"Si hivi hapa, shangazi? Na mwezi unachomoza."

"Mwezi! Haya mabega, hiki kiuno. Umemlaza mwanamke wa watu ubavu kama gunia!"

Fundi akaisimamisha fremu. Kweli: mwanamke amesimama, amewapa mgongo, matuta ni vivuli vya mbao za dirisha ngozini mwake, na palipopaswa kuwa na kichwa pana kisahani cheupe cha chai. Nani angejua? Lakini juzi tu kadi aliyoizungushia picha ya arusi ilimmeza bwana harusi mzima mzima, na shangazi alikwisha sema: kosa jingine, na funguo za duka asahau.

Kuibandua gundi kungeichana karatasi ile ya kale. Na mteja ndiye huyo mlangoni, bibi mwenye mkongojo na viatu vyekundu. Akaitazama fremu mezani, ndefu ya kulala, kulabu zake juu.

"Nani kanilaza?"

Fundi akaitazama picha, akamtazama bibi.

"Wewe ndiye… Nisamehe, bibi. Ni mimi. Niliona vilima."

"Vilima!" Bibi alicheka hadi akashika meza. "Marehemu mume wangu ndiye aliyenipiga picha. Nilikataa kuonyesha hata kisogo, mama asinijue, akanibandikia kisahani. Basi mama akaja, akaikodolea macho ukutani, akasema, 'Huyo mwanamke hana adabu.' Nikamwambia, 'Hana hata chembe, mama.'"

Shangazi, akijizuia kucheka, alikwisha chukua kisu. "Tutajaribu kuifungua, bibi. Tukusimamishe."

"Weka kisu chini, mwanangu. Nimesimama miaka hamsini. Niacheni nijinyooshe."

Akaondoka nayo kwapani, viatu vikigonga sakafu kama vya msichana.

Fundi alibaki na chai yake. Akakichukua kisahani, akageukia kioo kirefu kilichongoja kukatwa, akakiinua mbele ya uso na kunyoosha mabega. Pazuri, huko nyuma ya kisahani.

"Huyo mwanamke hana adabu," shangazi akasema akipita kwenda nyumbani, na funguo akaziacha mezani.