Abiria wa Njia ya Mushaki

Alfajiri ile serikali ilipoamuru watu wa Goma wahame, Nyiransengimana alikuwa ameketi uani juu ya kigoda, amempa mkwewe mgongo, kitenge kimemfunika kichwa hadi puani, akizungumza na baiskeli.

"Kinga," aliiambia, maana hivyo ndivyo baiskeli inavyoitwa mjini humo, "ambia bwana yako aende. Mimi niko muzee. Kama moto inakuja, inikute hapa."

Baiskeli haikujibu. Cikuru, aliyekuwa ameishika usukani, naye hakujibu, kwa sababu hakuambiwa yeye. Tangu amwoe Igihozo hakuwahi kuuona uso wa mama yake sawasawa. Kwao Cikuru, upande wa Bukavu, na kwao mama huyo, huko Masisi, desturi ilikuwa moja: mkwe na mamamkwe hawatazamani, hawali pamoja, hawagusani, na neno la mmoja humfikia mwenziwe kwa kinywa cha mtu mwingine. Vijana wengi wa mjini walikwisha kuyatupa mambo hayo. Cikuru, karani wa bohari, mtu wa suruali iliyonyooshwa kwa pasi, angeyatupa pia. Lakini mama aliyashika kwa mikono miwili, na mkwe akaona haya kushindwa adabu na kikongwe. Walipanga nyumba moja mtaani Mabanga, ukuta ukiwatenganisha, na maneno yao yote yalipitia kwa Igihozo.

Sasa Igihozo alikuwa Mushaki, juu katika milima ya Masisi. Jumamosi Nyiragongo, mlima wa volkano ulio juu ya mji, ulipasuka ubavuni ukamwaga moto hadi viungani mwa mji. Jumatatu Ndayambaje, mjomba wa Igihozo, alikuja na lori lake la viazi lenye nafasi moja tu mbele, akampakia mpwa wake, kwa kuwa mimba ilikuwa imetimiza mwezi wake. Mama angefuata kesho yake. Lakini kesho yake ardhi ilitetemeka mchana kutwa, barabara ikafurika watu, na lori halikurudi. Alfajiri hii Ndayambaje alikuwa amepiga simu: uchungu umeanza.

Ndicho kilichomtia Cikuru hofu kuliko mlima. Igihozo aliwahi kujifungua mara moja, mwaka ule waasi walipouteka mji, chini ya meza ya jikoni, risasi zikilia nje na mama yake yuko mbali. Kichanga kile hakikuliona jua la pili. Miaka ikapita mingi tumbo likiwa kimya, na katika miaka hiyo Cikuru alijijengea moyoni kinyongo asichomwambia mtu: mama gani huyu, binti yake wa pekee yumo uchunguni, naye anajifungia Mushaki kwa kuogopa bunduki? Hata mama alipofiwa na mumewe akahamia Goma, kinyongo hakikutoka. Kila alipoona kitenge kile kimefunika uso, alijiambia kwamba si adabu ile, ni aibu.

Lakini leo Igihozo alikuwa akimwita mama, si mume. Cikuru akapiga moyo konde.

"Kinga," alisema, akijiona mpumbavu, "umwambie mama kwamba Igihozo analia. Anamuita yeye."

Kitenge kikatikisika kidogo. Baada ya muda mama aliinuka akishikilia goti lake bovu, akaingia ndani, akatoka na ubao wa kitandani mwake. Akauweka chini karibu na gurudumu, akageuka tena kutazama ukuta.

Ni lazima isemwe kwamba baiskeli ile haikuwa ya kubeba watu. Ilikuwa baiskeli ya milima, ya matairi manene na gia nyingi, na Cikuru alikuwa akiipanda kila Jumapili kwenda Sake na kurudi, na siku za majisifu mpaka Mushaki. Jirani akimwomba amchukulie hata mkungu wa ndizi, alijibu kwamba baiskeli hii si punda. Leo aliufunga ubao ule nyuma ya kiti kwa vipande vya mpira, akavikaza kwa meno, na mama akaukalia upande upande, akishika chuma cha kiti ili asimguse mkwewe.

Barabara ya Sake haikuonekana kwa wingi wa watu. Magari yalisimama yamezimwa injini, na katikati yake walipita wanawake wenye magodoro kichwani, wazee mgongoni mwa wana wao, na machukudu, vile vigari vya mbao vya magurudumu mawili, yamelemewa na masufuria, mbuzi na watoto waliolala. Kilichomshangaza Cikuru ni ukimya. Mji mzima ulikuwa ukitembea, na kilichosikika ni nyayo tu. Mtu akianguka, aliye karibu alimwinua na kuendelea, bila kuulizana majina wala kabila. Hakujua kwamba watu wa Goma, wenye ndimi kali kiasi kile, wanaweza kwenda namna hii.

Walipita Mugunga, wakapita njia inayochepuka kwenda Lac Vert, ziwa dogo lililokaa tuli ndani ya shimo la mlima wa kale, maji yake ya kijani hayana hata kiwimbi. Cikuru alilipita mara nyingi akiwa na haraka ya kuvunja rekodi yake. Leo alipunguza mwendo mwenyewe. Moto ulikuwa umepita hapo pia, zamani, kabla ya mtu yeyote kuwapo wa kuukimbia, na mahali pa moto maji yalikuwa yamekaa. Alitamani kumwambia mtu jambo hilo, na aliyekuwapo hakuwa wa kuambiwa.

Mbele kidogo nguvu zilimwishia. Kandokando ya barabara hapakuwa na nafasi hata ya kuweka mguu, ila bondeni, chini ya miamba myeusi, aliona kishimo chenye nyasi mbichi, kimekingwa upepo, hakina mtu. Akaona bahati imemdondokea. Alimsubiri mama ateremke, akaanza kushuka na baiskeli yake, macho yakijifumba.

Mkono ulimkamata ukosi wa shati ukamvuta nyuma hata akakaa kitako.

Akatazama alikokuwa akielekea. Mbuzi alikuwa amelala katikati ya nyasi, shingo imenyooka, jicho wazi. Pembeni yake kunguru wawili, nao wamelala. Mazuku. Ni nani Goma asiyeyajua mazuku, hewa nzito isiyo na harufu inayotoka ardhini ikatuama mabondeni, na anayeinama ndani yake hainuki? Cikuru aliyajua tangu alipohamia, ila uchovu ulikuwa umemfuta akili. Nyuma yake mama alikuwa amekwisha kuuachilia ukosi, na alikuwa akiutazama mkono wake mwenyewe, mkono uliomgusa mkwe.

"Kinga," alisema kwa sauti iliyokauka, "bwana yako amechoka. Atapumzikia huku juu, mu upepo."

Saa za mchana waliingia Sake, mji mkongwe wa soko uliokimbiwa na kukimbiliwa katika kila vita. Barazani na madarasani watu walikuwa wamejaa tele, na wenyeji walikuwa wakiwagawia viazi vilivyochemshwa. Karibu na daraja mama aliomba kushuka. Akasimama akitazama mahali fulani barabarani pasipokuwa na kitu.

"Kinga, sikia. Hapa ndipo waasi walinirudishaka."

Cikuru akatega sikio.

"Nilikujaka na miguu toka Mushaki, ile siku mutoto wangu alikuwa anazaa. Walikuwa wameweka mti mu barabara. Wakasema mutu hapiti. Nikalala mu mulango ya kanisa, asubui nikajaribu tena. Mumoja akanipiga hapa." Akagusa goti. "Nikatambaa, nikajaribu tena. Wakaniburuta, wakanitupa kule. Igihozo sikumwambia. Ningemwambia nini? Kwamba nilikuja nikashindwa?"

Goti lile Cikuru alikuwa amelidhania uzee. Alilitazama likiwa limefunikwa na kitenge, akaiona miaka yote ya kinyongo chake, na aibu ikamwakia usoni. Alitaka kupiga magoti pale pale kwenye vumbi. Lakini hilo nalo lingekuwa kumfunua mama mbele za watu, basi akainama akajifanya anakaza mipira ya ubao, machozi yakidondokea mnyororo.

"Kinga," alisema alipoweza, "umwambie mama twende."

Mlima wa Mushaki huanzia hapo, barabara ikijizungusha na kujizungusha, mawe na tope la jana. Cikuru alikuwa akiuita mlima wake, kwa kuwa aliwahi kuupanda bila kushuka kitini. Siku hiyo hata gia ndogo kabisa haikumfaa. Alishuka akasukuma, mama akiwa juu ya ubao; kisha mama akashuka naye akachechemea nyuma ameshika ubao; kisha, penye mwinamo mkali, Cikuru akakihisi kiganja katikati ya mgongo wake. Kilikuwa kidogo, kigumu. Kikamsukuma, na hakikuondoka tena.

Kwenye kona ya juu waligeuka kutazama nyuma. Ziwa Kivu lilikuwa limetanda hadi mwisho wa macho, mji ukingoni mwake, na juu ya mji Nyiragongo, moshi ukiutoka taratibu. Toka mji ule hadi chini ya miguu yao palikuwa na mstari mmoja usiokatika, wa watu. Mlima ulikuwa mkubwa kupita alivyowahi kuufikiri, na kile kilichokuwa kikipanda kuukimbia, kwa magoti mabovu na magodoro, kikamshangaza kuliko mlima. Alijiona mdogo sana, na akashukuru kuwa mmoja wao. Pembeni yake mama alikuwa amekiacha kitenge kikateleza hadi mabegani. Cikuru akaendelea kutazama ziwa.

Jioni waliingia kwa Ndayambaje. Wanawake walikuwa wamejaa mlangoni, nyuso zao hazina habari njema. Nyiransengimana akapita katikati yao bila kubisha. Cikuru, kwa kuwa mwanamume hasogelei nyumba ya uzazi, aliegemeza baiskeli uani, akaketi chini ya dirisha.

Ndani Igihozo alikuwa akilia kilio kirefu cha mtu aliyekata tamaa. Kilio kikakatika.

"Mama?"

"Niko hapa."

"Walisema barabara imejaa. Walisema mutu hapiti." Sauti ilikuwa ya mtoto mdogo. "Nani amekuleta?"

Chini ya dirisha Cikuru akainua kichwa.

"Mutoto wangu," alisema Nyiransengimana. "Mutoto wangu ndiye amenileta."

Uchungu mwingine ukaanza, mtu akaita maji ya moto, na dirisha likafungwa.