Tarishi wa Kitanda cha Mlangoni

Babu yangu mzaa baba alikuwa mkalimani wa mahakama. Maneno ya mshitakiwa na ya hakimu yalipita kinywani mwake bila kupunguzwa wala kutiwa chumvi, na alipofariki mahakimu walilisindikiza jeneza lake kwa miguu. Baba yangu alikuwa mkuu wa posta, na haikupata kusikika kwamba barua imepotea mikononi mwake. Mimi nilikuwa mwalimu mkuu. Natangulia kuyasema haya ili ieleweke kwamba kwetu sisi kufikisha ujumbe ni kazi ya heshima, na kwamba sikupendezwa hata kidogo kufanywa tarishi nikiwa kitandani, mapafu yamejaa maji.

Wodi ile ilikuwa na wauguzi wawili wasiosemezana. Mmoja alikuwa mjukuu wangu, binti wa kifungua mimba wangu, wa kwanza katika ukoo kuvaa sare ile. Picha yake ya mahafali imetundikwa sebuleni kwangu, sambamba na ya baba yangu. Wa pili alikuwa mwanamke wa makamo tuliyemwita Sista Mkubwa, kwa umbo na kwa cheo. Walipopokezana zamu, badala ya kuzunguka pamoja kitanda kwa kitanda kama kazi yao inavyotaka, kila mmoja aliniachia maneno mimi, kwa kuwa kitanda changu kilikuwa mlangoni.

"Mzee, mwambie mjukuu wako kwamba mgonjwa wa kona asile kitu, anakwenda kupasuliwa."

"Babu, mwambie huyo bibi yako kwamba dripu ya dirishani inavuja."

"Bibi yako namjua," nilimjibu, "nilimuoa mwenyewe. Huyu mwite kwa cheo chake."

Jirani yangu, fundi cherehani mwenye kisukari, alicheka mpaka akakohoa. "Mwalimu, wewe sasa ndiwe redio ya wodi. Taarifa ya habari saa ngapi?"

Fundi huyu aliogopa sindano kuliko kifo. Kila alipomwona muuguzi akija nayo alijifunika shuka na kulalamika, "Nimeshachomwa, mwanangu, nimeshachomwa!" Hakuna aliyemsadiki tena.

Jioni moja mjukuu wangu aliketi miguuni pangu, akavua viatu. Miguu ilikuwa imevimba kama ya mama mjamzito.

"Babu, nimechoka. Kazi yenyewe naiweza. Kinachonishinda ni kuja. Nikifika getini tu natamani kurudi nyumbani. Mwisho wa mwezi naacha."

"Utaacha kuuguza watu kwa sababu ya mtu mmoja?"

"Humjui, Babu. Mimi kwake ni ukuta."

Sikuwa na nguvu za kubishana. Nilimtazama akivaa viatu vyake bila kufungua kamba, akaenda kugeuza wagonjwa wasiojiweza. Usiku ule sikulala vizuri.

Kesho yake mchana Sista Mkubwa alimchoma fundi sindano yake ya kushusha sukari mapema, kwa kuwa chakula kiliwahi. Chati ilikuwa kwa daktari, hivyo aliinama sikioni mwangu. "Mwambie anayeingia, fundi tayari." Nikaitika. Mara akaja mtu na kiti cha magurudumu, akanipeleka kupigwa picha ya kifua.

Niliporudishwa, mjukuu wangu alikuwa ameshaingia zamuni. Alikuwa amemwinamia fundi, sindano mkononi, na fundi akilia chini ya shuka, "Wallahi leo kweli! Leo nimechomwa kweli!"

"Kila siku ni kweli, mzee wangu. Toa mkono."

"Iweke chini!" nilisema. Pumzi ilikuwa haba, lakini ilikuwa sauti ile iliyokuwa ikinyamazisha madarasa.

Akaiweka chini. Sista Mkubwa, aliyekuwa ameshabeba mkoba akielekea nje, alirudi, akaitazama ile sindano, kisha akaketi juu ya kitanda kitupu kama mzigo uliodondoka.

"Angetufia," alisema.

"Mikononi mwangu," alisema mjukuu wangu.

"Kuanzia leo sibebi neno la mtu," niliwaambia. "Semeni wenyewe, hapa. Nani alianza?"

Mjukuu wangu akasema, akiangalia sakafu, "Siku ulipoletwa, Babu, nilimwamkia Sista. Shikamoo, mbele ya wodi nzima. Akanitazama, akageuza uso. Nikasema basi, simwamkii tena."

"Siku hiyo?" Sista Mkubwa alikunja uso, akijaribu kuikumbuka. Kisha akainua taratibu mkono wenye saa na kuuweka mbele ya macho yake, vilevile alivyoushika siku ile juu ya kifua changu. "Nilikuwa nahesabu pumzi za babu yako, mtoto. Ningefungua kinywa ningepoteza hesabu. Nilipomaliza nikageuka nikuitikie, ulikuwa umeshakwenda. Toka siku hiyo unanipita kama kiti. Nikasema, huyu ana maringo ya cheti kipya."

"Mnaona?" fundi alisema toka chini ya shuka. "Leo nilisema kweli."

Hakuna aliyecheka.

Mjukuu wangu alifuta uso kwa kiganja. "Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Haya, tuzunguke. Nimechoka, nataka kwenda kulala."

Wakaanza kitandani kwangu, mmoja akieleza, mwingine akirudia alichosikia. Hawakukumbatiana, na sauti zao zilikuwa kavu. Mwisho wa mwezi ulipita na mjukuu wangu yu kazini, miguu ingali imevimba.

Nanyi wajukuu zangu wengine, mlio maofisini na viwandani, nawataka mnisikie. Ukimsalimu mtu asiitike, tazama kwanza mikono yake inafanya nini, kisha umsalimu tena. Neno la kazi mpelekee mwenzako kwa miguu yako, umtazame usoni, wala usimtwishe mgonjwa. Nimeamuru. Kifua changu hakiniruhusu kusema mara mbili.