Kabuti Juu ya Kizimba

Kwenye kampuni ile ya ulinzi, dereva wa mbwa walimwita Taratibu, na jina lilimkaa. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amewabeba mbwa kutoka mabandani hadi malindoni na kuwarudisha, wala hakuwahi kumshusha hata mmoja akichechemea. Wenzake walisema kobe angeondoka naye pamoja, akatangulia kufika, akanywa chai na kusinzia. Yeye aliwajibu kuwa mwenda pole hajikwai, akaendelea kukaza kamba zake.

Na kamba alizijua. Kuna watu, Mungu awasamehe maana mimi nimeshindwa, humfunga mbwa shingoni nyuma ya pikapu na kumwachia kamba ndefu ili ajinyooshe, kisha hushangaa kumkuta ananing'inia nje ya bodi. Taratibu aliliona hilo mara moja barabarani na halikumtoka. Mbwa wake walisafiri ndani ya kizimba cha wavu kilichosogezwa hadi nyuma ya kichwa cha gari ili upepo usiwapige, kimefungwa pembe zote nne, na chini kuna mpira ili bati lisiwaunguze nyayo. Kila nusu saa alisimama kuwapa maji. Upande mmoja wa wavu alitundika shati kuukuu la mlinzi anayefanya kazi na mbwa huyo, kwa sababu mbwa anayemnusa bwana wake hutulia. Ndiyo ilikuwa desturi ya mabandani, na haikuwahi kumdhuru mbwa yeyote.

Alhamisi hiyo abiria alikuwa mmoja tu, dume jeusi lenye sikio lililopasuka, jina lake Sajini. Bwana wake alikuwa mdogo wake Taratibu, baba mmoja mama mmoja. Homa ya siku nne ilimchukua kijana wa watu, na sasa miezi mitatu ilikuwa imepita bila Sajini kukubali mtu mwingine ashike mnyororo wake. Walinzi wawili walijaribu, wote wawili wakaumwa. Msimamizi wa mabanda hakuzunguka mbuyu: Ijumaa bwana mifugo angekuja na sindano ya mwisho, kwa sababu mbwa asiyefanya kazi hana banda. Labda atokee mtu wa kumchukua.

Aliyetokea alikuwa mama yao. Mama hakuwahi kupenda mbwa, na zamani alimwambia marehemu wazi kwamba kazi za watu zimejaa, iweje yeye achague ya kushinda na wenye meno. Lakini tangu msiba alikuwa amekataa kufua kabuti la mwanawe, lile zito la zamu ya usiku, lenye bitana nene na kola ya manyoya. Binti yake alipotaka kulitia majini, walinuniana wiki nzima. Mama alilala nalo kifuani. Habari ya sindano ilipomfikia, alimwita mwanawe mkubwa na kumkabidhi kabuti hilo kwa mikono miwili.

"Mpelekee alinuse, ajue anakuja kwa watu wake," alisema. "Mimi pua yangu imechoka, baba. Siku hizi nalinusa, simpati. Huyo mbwa bado anampata. Niletee, nikae na mtu anayempata."

Taratibu aliahidi. Msimamizi alitia sahihi, na saa mbili asubuhi pikapu ilitoka getini kwa safari ya saa tatu.

Hawakufika mbali. Sajini alianza kulia kabla hata ya kupita ukuta wa kampuni, akauma wavu, akajirusha huku na huku mpaka gari likayumba. Taratibu aliposimama mara ya kwanza aliona fizi zinatoka damu na jino moja limekatika. Alijaribu kulitundika kabuti ubavuni pa kizimba kama shati, lakini kabuti si shati. Lilikuwa zito, likaanguka, akalitundika tena, likaanguka tena. Mwishowe akalitandaza juu ya kizimba chote, akachomeka mikono ya kabuti na pindo zake chini ya kamba, pande zote, akakaza kama anavyojua kukaza.

Mbwa akanyamaza papo hapo. Ikasikika pua ikivuta, ikivuta, na mkia ukigonga mpira chini. Taratibu akashika ukingo wa bodi, akalia pale kando ya barabara, kilio ambacho mazishini kilikataa kutoka. Alihisi kama mdogo wake amepanda nyuma.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini nani huwakumbuka wahenga moyo wake ukiwa umetulia? Aliposimama mara ya pili alitaka kufunua pembe moja ampe maji, mkono ukafika, akaurudisha. Angefunua, kilio kingeanza upya, na fizi zile zilikuwa zimeumia vya kutosha. Maji atakunywa kwa mama, alijiambia.

Wakafika karibu na daraja, wakakuta lori la saruji limelala chali kukata njia. Foleni mbele, foleni nyuma, jua utosini, hata jani halitikisiki. Walikaa hapo muda wa saa mbili. Taratibu alishuka akajibanza kwenye kivuli cha basi, na kila baada ya muda alirudi kuweka sikio kwenye kabuti. Ndani alisikia pumzi za haraka haraka, zisizopumzika. Dereva wa basi akamuuliza amefunika nini.

"Mgeni wa mama yangu," Taratibu alimjibu, akitabasamu. "Msikie anavyonusa."

Huyo ndiye mtu aliyewafundisha madereva wote wapya kwamba mbwa hatoki jasho kama sisi, kwamba joto lake hulitoa kwa kuhema, na ukimziba hewa umemuua. Alilisema hilo kila mwaka mbele ya watu, kwa sauti. Na siku hiyo alisikia mbwa akihema, akasema ananusa, akarudi kivulini. Pumzi zilipokuwa hazisikiki tena, alishukuru kwamba Sajini amepata usingizi.

Njia ilifunguka. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja Taratibu aliendesha kwa kasi, akapitiliza vituo vyake vyote.

Mama alikuwa amekaa mlangoni tangu asubuhi. Karai la maji lilikuwa kizingitini, limefunikwa sinia vumbi lisiingie. Alisimama aliposikia gari, akajifuta mikono kwenye kanga, akauliza mbona mgeni habweki. Taratibu alimwambia asubiri aone, akafungua kamba moja baada ya nyingine, akavuta kabuti.

Sajini alikuwa amelala ubavu, ulimi nje, pua imegandamizwa kwenye wavu pale kola ya manyoya ilipokuwa imeangukia. Mwili ulikuwa wa moto kuliko bati. Taratibu alimmwagia dumu zima, akamsugua kifua, akamwita kwa mluzi wa mdogo wake, mluzi ambao hakuwahi kuujaribu. Maji yalichuruzika chini ya gari mpaka yakaisha.

"Nilimfunika ili atulie, mama," alisema. "Ni mimi niliyemfunika."

Mama aliinamia kizimba. Alimtazama mbwa, kisha akamtazama mwanawe aliyebaki.

"Alilinusa?"

"Alilinusa," alisema Taratibu. "Njia nzima."

Mama akaitikia kwa kichwa. Akachukua kabuti, akaliweka usoni, akavuta pumzi, akavuta tena. Lilinuka mate ya mbwa na moshi wa barabara. Akalishusha. Akaketi kwenye kigoda, akaondoa sinia juu ya karai, akalizamisha kabuti ndani ya maji na kulishikilia chini kwa mikono miwili mpaka likalowa lote. Kisha akamwambia mwanawe aingie ndani amletee sabuni.