Usafi wa Kibodi

Asylbek, mtaalamu wa kompyuta, alitumwa kutoka mji mkuu, Astana, kuja kuwanyoosha makarani wa wilaya, na habari zake zilimtangulia: atakayeshindwa kuchapa ukurasa mmoja kwa dakika kumi na tano, kazi basi. Bibinur, aliyebakiza miaka miwili afikie pensheni, alijua fika mtihani ule ulitungwa kwa ajili ya nani. Kiti chake kilishaahidiwa mpwa wa mkuu wa ofisi, binti mwenye kucha zisizoruhusu hata kufungua bahasha.

Kabla ya mtihani, mtaalamu akaona afanye usafi. Kompyuta zote sita zilikuwa na mipangilio mitatu ya herufi: Kikazaki, Kirusi na Kiingereza. Makarani walihama kutoka mmoja kwenda mwingine kwa kubonyeza vitufe viwili, wala hawakuangalia.

"Mitatu ya nini? Ndiyo maana mnachelewa," akasema. "Nawaachia Kikazaki tu."

"Mwanangu, Kiingereza usikitoe," Bibinur akamwambia. "Nywila za watu..."

"Apai," akajibu, kwa neno la Kikazaki la kumheshimu mwanamke mzee, "wewe kunywa chai. Kazi hii nimeisomea."

Bibinur akanywa chai. Msomi haingiliwi.

Asylbek akafuta, akazima mashine zote, akaziwasha. Zikadai nywila. Hapo elimu ikagonga mwamba, maana nywila za ofisi nzima zilikuwa na herufi za Kiingereza, na kibodi sasa zilijua Kikazaki peke yake. Hata ule mstari wa namba wa juu ulitoa herufi. Nywila ya Asylbek mwenyewe, ndefu na ya kisomi kweli kweli, ilikataliwa mara tatu.

"Mmeharibu nini hapa?" akafoka.

"Sisi tena?" akadakia Zeinolla wa masijala. "Apai si ulimwambia anywe chai?"

Bibinur akavuta kiti chake. Nywila yake ilikuwa namba tupu, tarehe aliyozaliwa mjukuu wake, na kwa miaka mingi wenzake walimcheka kwa uvivu huo. Akaibonyeza kwenye vitufe vya namba vilivyo pembeni, kulia mwa kibodi, ambavyo havijali lugha. Mashine ikafunguka. Akaiwasha saa ya mtihani iliyokuwa mezani, akauchapa ukurasa kwa dakika kumi na moja, akauweka mbele ya Asylbek.

Mkuu wa ofisi akachungulia mlangoni. "Mbona anafanya mmoja tu?"

Asylbek aliinama sikioni mwa Bibinur, sauti imekuwa ya mtoto wa watu.

"Apai, niazime mashine yako. Nirudishe Kiingereza, kisha niweke nywila yangu, nizifungue na hizi nyingine kupitia mtandao."

"Utarudisha, mwanangu. Saini kwanza."

Asylbek akasaini kwenye ukurasa ule kuwa Bibinur amefaulu, mkuu akishuhudia kwa macho yake. Bibinur akakunja karatasi, akaitia mkobani, akampisha kiti. Kisha akaiokota mezani ile saa ya mtihani na kuiwasha tena.

"Una dakika kumi na tano," akasema, akaenda kujimiminia chai.